Kapu la masalo hapa Dodoma: bei poa kweli, ila hilo la kuokoa chakula sikubali lote

Kuna jamaa hapa mjini anauza kapu la masalo, yaani mboga na matunda yaliyobaki baada ya mazuri kuchaguliwa, unatuma oda kwa meseji, Jumamosi boda anakuletea mpaka getini. Mi niko Ilazo na ni mteja wake wa siku nyingi kidogo. Kapu elfu kumi, ndani unakuta karoti zenye miguu miwili, hoho zilizopinda, vitunguu vidogo vidogo, nyanya zilizobonyea, na siku ukibahatika maparachichi yenye makovu ya ganda. Nenda Sabasaba na elfu kumi hiyohiyo uone kama utabeba mzigo kama huo, kwa bei sina ubishi nao.

Ladha hakuna tofauti yoyote. Karoti mara nyingi inaota miguu kwa sababu mzizi umekutana na jiwe au udongo mgumu huko chini, basi. Usumbufu wake ni pale miguu inapoachana, udongo unajificha mle na maji ya bomba hayautoi, mpaka uipasue katikati na kisu ndo uoshe.

Sasa tangazo lao linasema ukinunua kapu unaokoa chakula kisitupwe. Kwa karoti sawa, nakubali, maana dalali akifika shambani anachagua zilizonyooka, hizi za ajabu zinabaki hukohuko au wanapewa ng'ombe, kwa hiyo mkulima akipata hata kidogo ni afadhali. Lakini nyanya? Jamani nyanya masalo nani kawaambia zinatupwa zote? Jioni pale sokoni mama lishe wanazisubiri, wanabeba sado kwa bei ya chini kesho yake ndo rosti unayokula mchana. Zikija kwangu Ilazo mama lishe itabidi anunue nzuri kwa bei kubwa, afu mi ndo niitwe niliyeokoa chakula!

Na zikishafika ni mbio, leo zimebonyea kesho kutwa maji yanachuruzika chini ya kapu, friji imejaa na umeme ukikata ndo kabisa. Ukizitupa umehamisha tu jalala kutoka sokoni kuja kwako. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yao ya 2024 walisema mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula duniani na asilimia 60 ilikuwa ya majumbani, yaani jikoni kwetu, soko lina sehemu ndogo tu. Halafu nyingi za nyanya hizi zimeharibikia njiani, tenga linajazwa mpaka juu linapangwa juu ya jingine, za chini zinapondeka kabla hata ya kufika Dodoma, matenga yangejazwa kwa kiasi masalo yangepungua yenyewe.

Mi kilichoniokoa ni jua, na jua la huku mnalijua. Nazikata vipande vinene, natoa mbegu, nanyunyiza chumvi, naanika juu ya chandarua safi na nafunika kingine kwa ajili ya inzi, zikishakuwa ngumu ngumu kama ngozi naweka kwenye kopo. Wagogo wanaanika mlenda miaka yote, nyanya itashindikanaje. Kwenye maharage ni tamu balaa.

Huduma yenyewe boda hachelewi sana na wanapokea pesa kwa simu, ila mzigo haupimwi, kuna wiki kapu limejaa kuna wiki ni hoho mbili na lundo la nyanya, na ukiuliza unaambiwa ndo masalo yenyewe hayo dada. Nimewaomba waweke kapu la karoti, vitunguu na viazi tu, vitu vinavyokaa, na nyanya wawaachie mama lishe, wamesema wataangalia. Kama unaishi mwenyewe geto usichukue kapu zima, changa na jirani elfu tano tano mgawane siku hiyohiyo, na nyanya zipike kwanza kabla ya kitu kingine chochote.