Maabara iliyouliza kuhusu vidonge: nyota 4 kati ya 5

Nimempeleka Baba kutolewa damu hapa mara 11, kwa hiyo nadhani nina haki ya kusema.

Baba ana saratani ya mapafu, na eosinofili zake hupanda kupita kiasi. Hizo ni aina ya chembe nyeupe za damu ambazo kwa mtu mzima mwenye afya hazizidi 500 katika mikrolita moja. Za Baba zilifika 4,066.

Maabara tuliyoanza nayo, ambayo siitaji, ilikuwa na mashine inayogawa chembe nyeupe mafungu 3 tu. Eosinofili hazina fungu lake humo. Karatasi ikasema chembe nyeupe ni nyingi, basi. Baba akameza antibiotiki mpaka zikaisha, na chembe zikazidi kupanda. Hapa mashine hutoa mafungu 5, na karatasi inaandika asilimia pamoja na idadi kamili. Ukipewa asilimia peke yake, dai hiyo idadi. Asilimia 19 nilidhani ni jambo dogo mpaka nilipoipigia hesabu kwenye chembe 21,400.

Tena hawakuiachia mashine kila kitu. Fundi wa maabara alipaka tone la damu kwenye slaidi, akalitia rangi, akahesabu kwa macho yake. Akaniita nichungulie kwenye hadubini: chembe zimejaa punje za rangi ya machungwa iliyokoza, kama zimemwagiwa achari. Jina lake limetokana na eosini, rangi inayozishika vizuri. Paul Ehrlich ndiye aliyezieleza hivyo mwaka 1879.

Daktari alianza na minyoo, na mimi nikaona tunapoteza muda. Kumbe kuna mnyoo aitwaye strongiloidi ambao mgonjwa akipewa steroidi, dawa zinazopunguza nguvu ya kinga ya mwili, huku anao, huzaliana mwilini hadi kuua. Choo kikapimwa, damu ikapimwa, dawa zote za Baba zikakaguliwa moja moja. Hakukuonekana kitu. Ndipo akatuambia kwamba uvimbe wenyewe unaweza kutoa vichocheo kama interleukini-5, ambavyo huuamrisha uboho uzalishe eosinofili kwa wingi. Kwa saratani za viungo kama mapafu ni nadra, na mara nyingi huonekana ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Sentensi hiyo ya mwisho Baba aliisikia, mimi nilijifanya sijaisikia. Moyo nao ukapimwa kwa mawimbi ya sauti, maana chembe hizo zikiwa nyingi kwa muda mrefu huweza kuuharibu na kuleta damu kuganda. Ulikuwa salama.

Sasa swali lenyewe. Siku moja majibu yalitoka 210. Nilikaribia kupiga vigelegele pale kwenye benchi. Yule fundi akatoka na karatasi mkononi, akamwamkia Baba, kisha akauliza, “Mzee, umetumia deksamethasoni?” Alikuwa ameimeza usiku uliopita na tena alfajiri, ya kuzuia kutapika kabla ya tiba ya kemikali. Steroidi kama hiyo hushusha eosinofili ndani ya saa chache, akasema, kwa hiyo namba hiyo ni ya kidonge, haituambii chochote juu ya uvimbe. Akaiandika hiyo kwa kalamu pembeni mwa majibu ili daktari aione. Tangu hapo tunatoa damu kabla Baba hajagusa vidonge, na nimeona kwa namba za kweli: baada ya mizunguko 2 ya tiba, 1,320, baada ya 4, 870. Kwa swali lile tu ningewapa nyota zote.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mbili. Mapokezi wanamwita mgonjwa kwa namba, kwa sauti ya kuuza mnadani, na Baba masikio yake mazito. Mara 2 tumepitwa na zamu. Ya pili ndiyo inayoniudhi hasa: kila karatasi inabeba majibu ya siku hiyo peke yake. Kwa mgonjwa kama Baba, 870 bila 1,320 na 4,066 kando yake ni namba yatima. Kompyuta yao inayo yote, nimeyaona kwenye kioo. Wachapishe basi matatu ya nyuma. Kwa sasa nayanakili kwenye daftari la mjukuu wake lenye picha ya twiga, na daktari ameshazoea kuniambia, “Lete twiga.”