TAHADHARI: Matairi ya theluji yanauzwa Dar kama "mtumba laini wa Japani"

Ndugu zangu wenye magari, hasa madereva wa teksi mtandao na mnaosubiri gari litoke bandarini, someni hii kabla hamjatoa hela ya matairi.

Kuna jamaa wanazunguka Gerezani na Shaurimoyo wakiuza seti za matairi ya mtumba kutoka Japani, saizi 185/65R15, ile inayoingia kwenye Toyota IST nyingi. Wanaanzia elfu themanini kwa tairi moja, na ukivuta vuta wanashuka hadi sitini. Kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami, bado ziko juu, mpira unang'aa, na winga anakubonyezea kwa kidole gumba uone ulivyo laini: "Hii inashika lami, bosi, siyo kama hizo ngumu za dukani."

Hayo ni matairi ya theluji. Yametengenezwa kwa ajili ya barabara za Hokkaido na kaskazini mwa Japani zikiwa zimeganda barafu. Kwenye joto la Dar es Salaam ni hatari, na wauzaji hawa wanajua wanachokifanya. Nitawaeleza nimejuaje.

Mdogo wangu alifungiwa manne. Kutwa yuko Mandela Road, Buguruni, Tabata, uwanja wa ndege. Mwezi haujaisha, ya mbele yalikuwa yameshaliwa mabegani na vipande vya kashata vimeanza kuchanika kutoka chini. Siku moja ya mvua, pale Tazara, foleni ikasimama ghafla. "Kaka, nilikanyaga breki mapema kabisa, gari likaendelea kwenda tu." Likaigonga bajaji kwa nyuma. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Alipomrudia muuzaji akajibiwa kwamba mtumba hauna garantii, na baadaye namba ikawa haipatikani.

Matairi yalipovuliwa niliyakagua kwa tochi. Kwenye ubavu wa nje kulikuwa na eneo la urefu wa kidole lililosagwa kwa msasa, halafu likapakwa dawa nyeusi ya kung'arishia. Ukipitisha ukucha unasikia panakwaruza, wakati pembeni yake ni laini. Ubavu wa ndani, ule unaoangalia chini ya gari, hawakuugusa. Maandishi yako wazi kabisa: STUDLESS, yaani tairi la theluji lisilo na misumari, na baada ya saizi, 88Q. Mtu asiyejua anachouza hahangaiki kusaga maandishi. Huu ni wizi wenye kuhatarisha maisha ya watu.

Shida iko kwenye mpira wenyewe. Tairi la kawaida huanza kukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi joto 7 hivi. La theluji limechanganywa mpira unaobaki laini hata huko chini. Sasa Dar, hata Julai alfajiri, hatukaribii nyuzi 7, na Februari mchana lami inaunguza unyayo. Mpira wa namna hiyo ukiuweka juu ya lami hiyo unalegea kama bigijii iliyoachwa juani. Halafu tazama kashata zake: kila moja imekatwa mikato mingi myembamba ya zigizaga. Kwenye barafu mikato hiyo ndiyo inayong'ata na kuondoa ule utando wa maji unaotelezesha. Kwenye lami ya moto inafanya kashata iyumbe, yaani ukishika breki kashata inalala kwanza ndipo ishike, na hapo gari limeshasogea. Kwenye maji ya masika ni mbaya zaidi, kwa sababu tairi hili likishachakaa ni jepesi kuelea juu ya maji kuliko la kawaida.

Mtaniuliza, mbona ni mengi na bado yana kashata? Zamani Wajapani wa sehemu za theluji walitumia matairi ya misumari ya chuma. Misumari ikawa inachimba lami na kujaza miji vumbi, ndipo mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia. Tangu hapo wanatumia haya laini yasiyo na misumari. Na kule tairi la theluji huhesabiwa limekwisha kazi yake ya theluji likishalika nusu. Ndani ya mfereji kuna vinundu vinavyoonyesha hiyo nusu, na ubavuni kuna mshale unaoelekeza vilipo. Kwa hiyo Mjapani anaitupa tairi ambayo kwa macho ya mnunuzi wa Kariakoo "bado ina maisha".

Ukienda kununua, soma ubavu pande zote mbili kabla tairi halijapanda kwenye rimu. Majina utakayokutana nayo ni Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama, Winter Maxx ya Dunlop, X-Ice ya Michelin, Ice Navi ya Goodyear. Kampuni hizo hazina kosa, matairi yao ni mazuri sana mahali pake. Mengine yana mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani, lakini ya soko la Japani mara nyingi hayana, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Herufi M+S nazo peke yake siyo ushahidi, maana zipo hata kwenye matairi mengi ya kawaida ya magari ya juu. Herufi Q baada ya namba ya uzito ni dalili nzuri: tairi la kawaida la saizi hii utalikuta na herufi kama S au H. Na ukikuta mahali pamesagwa, usiendelee na mazungumzo, ondoka.

Tazama pia tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani. 3815 maana yake limetengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2015. Winga atakwambia ni namba ya stoo.

Wanaonunua gari yadi, jambo hili linawahusu pia. Magari kutoka Japani huweza kuingia na matairi haya miguuni, na muuzaji atakusifia kwamba "tairi zote ziko vizuri". Toa gharama ya matairi manne kwenye bei kabla hujasaini.

Wakikwambia yanafaa kwa safari za Njombe na Makete, msikubali. Ni kweli huko umande huganda Juni na Julai, lakini jua likipanda joto linarudi juu ya hizo nyuzi 7. Isitoshe, ili ufike huko utapita Chalinze, Morogoro na Mikumi kwenye joto lote.

Dai risiti ya EFD yenye jina la biashara. Mawinga hawa hawana, na bila risiti huna pa kuanzia. Mwenye risiti apeleke malalamiko Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa.

Kama mfuko haujakaa vizuri, afadhali tairi jipya la kawaida la bei ya chini, la Kichina au la Kihindi, kuliko mtumba huu hata uwe wa jina kubwa kiasi gani. Nunua mawili sasa na mawili baadaye, na hayo mapya yafunge nyuma, hata kama fundi atasisitiza mbele. Nyuma ikikosa kushika kwenye maji, gari linageuka mkia na hutaliwahi. Mpaka utakapobadilisha yote manne, acha nafasi kubwa mbele yako, na usitoke nalo nje ya mji.