Shilingi elfu mbili za kubonyeza kitufe

Niseme mapema katika maoni haya, alamu ya moshi yenyewe haina kosa. Hasira zangu ni za hao waliokuja kuikagua. Jina lao silitaji, ila walio Tudor hapa Mombasa wanalijua gari lao.

Mwenye nyumba alituletea ujumbe: alamu za moshi za jengo zima zitakaguliwa, kila mpangaji amlipe fundi elfu mbili. Sikununa. Mtungi wa gesi uko jikoni, madirisha yote yana vyuma, na jioni barabara yetu magari yameegeshwa pande zote hata tuktuk inapita kwa shida, sembuse gari la zimamoto. Nikaona elfu mbili si ghali, bora watoto walale salama.

Fundi akaja baada ya adhuhuri, hana ngazi wala begi la vifaa. Akaniomba kiti cha mezani, akakipanda na viatu. Nikanyamaza. Akabonyeza kitufe cha alamu ya koridoni, ikalia tii-tii-tii, akashuka. Chumba cha watoto ikawa vivyo hivyo. Akatoa karatasi, akatia alama ya vyema kila mstari, akanipa kalamu nitie sahihi.

"Mwanangu, na moshi je?"

"Moshi upi?"

"Hii si alamu ya moshi? Mbona hujaionyesha moshi?"

Akacheka, akamtazama mwenziwe aliyesimama mlangoni. "Mama, hii ni kazi ya kusomea. Wewe shughulika na sufuria zako."

Sufuria zangu! Bado yananiwasha maneno hayo. Nimekaa miaka katika ofisi ya ghala moja kule Shimanzi, na mkaguzi wa kule huja na kopo la moshi wa kupulizia, hulipandisha juu kwa mti mrefu, wala haandiki kitu mpaka alamu ilizwe na moshi wenyewe. Kitufe kinakwambia betri ina nguvu, umeme wa ndani unafanya kazi na king'ora kinalia, basi. Hakikwambii kama moshi unafika ndani kwenye kile kijichumba cha kunusia.

Haya, nikaenda kwenye sufuria zangu. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikaweka udi. (Watengenezaji hukataza kujaribia kwa mshumaa au moto wenye mwali, na wana haki. Makaa ya chetezo hayana mwali, lakini mwenye pazia karibu asiniige.) Nikasimama chini ya alamu ya koridoni, moshi ukapanda mzito, ukatanda dari yote. Kimya. Yule wa mlangoni akaanza kukohoa. Kimya. Kijana akasema ati udi si moshi wa moto. Ni moshi wa nini basi, wa barafu?

Nikapanda kiti mwenyewe, miguu mitupu. Alamu ilikuwa bado imevaa kifuniko chake cha plastiki laini, kile cha kuzuia vumbi na rangi wakati nyumba inajengwa. Rangi yake ni ileile ya alamu, ukiwa chini hukioni, na kitufe kinabonyezeka vizuri tu juu yake. Lakini yeye alikuwa amekigusa kwa kidole! Pembeni kulikuwa na mavi ya mjusi yaliyokauka. Nikakibandua, na kabla sijashuka ikapiga ukelele, jirani wa chini akatoka nje na kanga moja.

Ya watoto nikaigeuza mgongo. Mwaka wa kutengenezwa: 2011. Alamu hizi huhesabiwa miaka 10, zikipita hapo hubadilishwa hata kama kitufe kinalia. Kwenye karatasi yake mstari wa tarehe ulikuwa na vyema.

Sasa nisiwadhulumu. Nilipopiga simu nikalalamika, walituma fundi mwingine baada ya siku chache, mtu mzima. Alibisha hodi, akavua viatu mlangoni, akaja na ngazi yake na kopo lake la moshi. Ya watoto akaibadilisha bila kuniongeza senti, akaweka ya kutambua moshi kwa mwanga, akanieleza kwamba hiyo huwahi moto unaofuka polepole, kwa mfano godoro lililoangukiwa na sigara, na ile aina nyingine huwahi moto wa mwali. Ya koridoni akaisogeza mbali na mlango wa jikoni, kwa sababu tangu nilipoivua kifuniko ilikuwa haiachi kulia nikikaanga viazi. Nilikuwa nimeshaamua: nyota tatu. Nne hata, kwa adabu yake.

Kisha ofisi yao ikanipigia kuomba maoni. Nikaeleza yote. Dada wa simu akasema kwenye rekodi fleti yangu ilipita ukaguzi siku ya kwanza, yule wa pili walimtuma kwa hisani tu. Kwa hisani! Nikamuuliza, na fleti nyingine alizozibonyeza kijana yule siku hiyo? "Zote zilipita, mama."

Jioni hiyo nikabeba kiti changu mpaka ghorofa ya juu. Kwa jirani wa kwanza, kifuniko kipo. Wa mkabala wake, kipo. Basi ni nyota moja, na hiyo nampa yule mtu mzima, si kampuni.