Besi kongwe: kabla hujauliza mwaka, ulizia nati ya shingo

Gitaa la besi la mwisho nililonunua ni Fender Precision ya mwaka 1973. Nilipofika kuiona nilikuta nyuzi zimelegezwa, zinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Muuzaji akaniambia amezilegeza makusudi ili kuitunza shingo, nami nikaona huyu ni mtu anayejali chombo. Nikazikaza, nikatyuni, nikapiga kama dakika 20. Besi ikaitika vizuri kutoka juu mpaka chini. Nikalipa, nikaibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Asubuhi yake uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ulikuwa umepanda juu ya freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) kiasi kwamba sarafu mbili zilizopandana zilipita chini yake bila kuugusa. Shingo imepinda kama upinde wa mwindaji. Nikalegeza nyuzi, nikafungua skrubu nne za nyuma, nikaitoa shingo, na pale kwenye kisigino chake nikakuta kile nilichopaswa kukiona kabla sijatoa hata senti moja. Nati ya nondo, ile fimbo ya chuma inayonyoosha shingo kwa ndani, ilikuwa imekwanguka, mfuo wake wa msalaba umeliwa na bisibisi za waliotangulia. Chini yake zimepangwa washa mbili, zile pete bapa za chuma, na mbao chini ya washa imebonyea kwa kuminywa miaka mingi. Nilipojaribu kuikaza haikusogea. Hesi, ile mikunjo ya skrubu ambayo nati hukazia, ilikuwa imeisha.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitazungumzia rangi wala uzito, na hata sauti nitaigusa kidogo tu. Sauti utaisikia mwenyewe, na uzito utausikia begani. Nitazungumzia shingo, hasa ile nati ambayo wanunuzi wengi hawajawahi kuitia machoni, na nitazipanga besi kwa kigezo hicho hicho.

Fikiria kazi inayofanyika mle ndani. Nyuzi nne za besi ya kawaida zikishatyuniwa huvuta shingo kwa zaidi ya kilo 70, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Mbao peke yake haiwezi kuhimili hilo, ndiyo maana ndani ya shingo imelazwa nondo ya chuma. Ukikaza nati, nondo huirudisha shingo nyuma dhidi ya mvuto wa nyuzi. Kwenye besi nyingi za zamani nondo hiyo hufanya kazi upande mmoja tu. Shingo iliyopinda mbele huirudisha, ila shingo iliyopinda kinyumenyume huku nati imelegea kabisa haina dawa hapo, labda uifunge nyuzi nzito zaidi na usubiri. Kila fundi aliyewahi kuishika besi hiyo ametumia kipande kidogo cha hesi. Besi ya miaka 50 inaweza kukufikia na hesi nusu, au na hesi iliyokwisha, na kwa nje zote mbili zikang'aa sawasawa.

Fender wa zamani waliiweka nati kwenye kisigino, pale shingo inapoingia mwilini, kwa hiyo huwezi kuiona bila kuifungua besi. Ndipo maovu yanapojificha.

Siku hizi nafanya hivi. Kabla ya kwenda namwomba muuzaji aikaze besi mpaka tyuni yake na ailaze hivyo usiku mzima. Akiniambia haiwezekani, nimeshajua jambo moja. Nikifika nabonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine pale shingo inapokutana na mwili, halafu natazama nafasi iliyobaki chini ya uzi kwenye freti ya 7 au ya 8. Nafasi ya unene wa kadi ya jina, karibu robo ya milimita, inatosha. Uzi ukilala juu ya freti, shingo imenyooka mno au imerudi nyuma. Kadi ikipita na nafasi ikabaki, imepinda mbele, na hapo swali linakuwa kama nondo bado ina nguvu ya kuirudisha. Baada ya hapo naomba shingo itolewe. Naigusa nati kwa kidole, nahesabu washa, natazama mbao iliyoizunguka kama imechanika. Kwa ruhusa ya mwenyewe nailegeza robo mzunguko kwanza, kisha naikaza tena. Anza kulegeza siku zote, kwa sababu nati iliyokwama ikilazimishwa kukazwa hukatika, na ikikatika mkononi mwako besi imeshakuwa yako. Nati yenye uhai huitika taratibu, kila ukizungusha inazidi kuwa nzito. Iliyokufa husimama ghafla, au huzunguka bila kubadilisha chochote.

Kama besi iko mbali, omba picha ya kisigino shingo ikiwa imetolewa, na video fupi ya nati ikizunguka. Picha 30 za kichwa na za kasha lake la ngozi hazikusaidii kitu.

Sasa nizipange.

Ya kwanza kwangu ni Fender Precision, na sifichi kwamba naipenda kuliko zote, hata baada ya yaliyonikuta. Leo Fender aliitoa mwaka 1951, na mwaka 1957 ikapata umbo tunalolijua pamoja na pikapu (kile kidaka sauti chenye sumaku chini ya nyuzi) iliyogawanywa vipande viwili, ambayo pia huua ule mvumo wa umeme unaokera. Ina pikapu hiyo moja, kifundo cha sauti na kifundo cha toni, basi. Ila sababu inayoiweka juu ni zile skrubu nne. Shingo ikifa unaitoa, unampelekea fundi peke yake, au unaweka nyingine na kuendelea kupiga wiki hiyo hiyo. Besi yenye shingo ya gundi haikupi nafasi hiyo. Ukiuliza ya miaka gani, nitasema ya miaka ya 1970 iliyokwisha badilishwa freti au kupakwa rangi upya, mradi nati yake inazunguka. Wakusanyaji hawaitaki, kwa hiyo bei hupungua, na wewe mpigaji unapata chombo ambacho tayari kimepita mikononi mwa fundi. Ya kabla ya 1965 ikikujia kwa bei ya kiungwana, ichukue, ila usiikimbilie.

Jazz inafuata. Ilitoka mwaka 1960, na shingo yake ni nyembamba upande wa kichwa, karibu milimita 38 dhidi ya 44 za Precision ya zamani. Mwenye vidole vifupi ataishukuru. Chukua ile ya skrubu nne. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 Jazz zilifungwa kwa skrubu tatu, na nati ikahamia kichwani. Kuihamisha nati mahali pa wazi lilikuwa jambo jema kabisa, na laiti wangelifanya bila kugusa skrubu. Matundu yakilegea, shingo husogea pembeni na uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, huanza kuteleza nje ya freti katikati ya wimbo. Shika mwili kwa mkono mmoja, isukume shingo pembeni taratibu, utazame kama nyuzi zinahama.

Music Man StingRay, iliyoanza mwaka 1976, nati yake inaonekana kichwani na sauti yake ina makali yanayopenya bendi yenye ngoma nzito. Inahitaji betri, na ikifa katikati ya shughuli besi inanyamaza. Ni chombo kizuri, sina la zaidi.

Za Japani nazipa nafasi kubwa kuliko wengi wanavyozipa. Fender Japan ilianza mwaka 1982, na besi zake za mwanzo za jina la Squier zenye namba inayoanza na herufi JV zilitengenezwa kwa uangalifu wa kunakili zile za zamani, hata nati ikarudi kisiginoni. Sasa zimevuka miaka 40, kwa hiyo ni kongwe kwa hesabu yoyote ile. Nilizozifungua mimi, nati zake zilikuwa na mfuo safi, kama hazijaguswa. Kama fedha yako haifiki kwenye Fender ya Marekani, simama hapa na usione haya.

Rickenbacker 4001, iliyotoka mwaka 1961, ni nzuri kuitazama na ina sauti isiyofanana na ya besi nyingine yoyote. Shingo yake inapita katikati ya mwili mpaka mwisho, na ndani zimo nondo mbili. Hizi nondo za zamani zina desturi yake: lazima kwanza uikunje shingo kwa mkono mpaka ikae unavyotaka, ndipo ukaze nati ili nondo ishikilie pale. Asiyejua hukaza nati kwa nguvu akitegemea nondo isukume yenyewe, na ubao wa freti ukaachana na shingo. Tazama kwa tochi kando ya ubao huo, kuanzia kichwani mpaka freti ya tano. Ukiona mstari mweusi wa nafasi, au gundi iliyovujia pembeni, weka chini.

Gibson EB-0 ya mwaka 1959 na EB-3 ya 1961 ni fupi, kama milimita 775 kutoka kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini, mpaka kichwani, na shingo imegundishwa. Nati iko kichwani chini ya kifuniko, vizuri, lakini shimo la nati limechimbwa mahali pale pale kichwa kinapoinama kurudi nyuma. Hapo ndipo panapovunjika besi ikianguka chali. Pitisha ukucha nyuma ya kichwa, polepole, kutoka upande hadi upande. Ukucha ukinasa kwenye mstari, umevunjika na kugundishwa. Gundi nzuri hushika, sikatai, ila hilo uambiwe kabla ya kulipa.

Höfner 500/1, ile ya umbo la fidla aliyoipatia umaarufu Paul McCartney, ni nyepesi na tamu, ila ni ya kupiga taratibu, na haitakuwa besi yako ya pekee.

Kopi za bei rahisi za miaka ya 1970 ziko tele. Kama nati inazunguka na shingo imenyooka, nunua ujifunzie.

Kuna jambo la sheria linalokaa hapo hapo shingoni. Fender za zamani, za kuanzia mwaka 1959 mpaka katikati ya miaka ya 1960, nyingi zina ubao wa freti wa mti wa Brazili ambao kitaalamu huitwa Dalbergia nigra. Mti huo umo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 1992. Ukinunua kutoka nchi nyingine bila vibali, besi inaweza kuishia kwenye stoo ya forodha. Omba karatasi kabla hujatuma fedha.

Na sasa wauzaji, maana hapa nina kidonda.

Bei za besi hizi zinapangwa na watu wasiozipiga. Kampuni ya CBS iliinunua Fender mwanzoni mwa mwaka 1965 kwa dola milioni 13, na tangu hapo tarehe hiyo imegeuzwa ukuta: upande huu dhahabu, upande ule mabati. Muuzaji atakufungulia kifuniko akuonyeshe namba kwenye poti, kile kifaa cha umeme kilicho chini ya kifundo. Ikianza na 137 imetengenezwa na CTS, ikianza na 304 ni Stackpole, na tarakimu zinazofuata ni mwaka na wiki. Ni elimu nzuri, nami nimejifunza kuzisoma. Lakini poti inakuambia tu kwamba besi haikutengenezwa kabla ya wiki hiyo. Haikuambii kama shingo itasimama kesho. Muuzaji anayejua wiki ya kila poti na hajui kama nati inazunguka amechagua kutojua.

Ukilalamika kwamba nyuzi ziko juu, anakutajia mpiga besi James Jamerson. Ni kweli kwamba Jamerson alipiga nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown kwa Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi bapa nzito zilizokaa juu sana. Jamerson alikuwa na mkono wake na besi aliyoizoea. Kumtumia marehemu yule kuuza shingo iliyopinda ni kukosa heshima, na mimi nimesikia maneno hayo zaidi ya mara moja.

Linaloniudhi kuliko yote ni adhabu wanayoipa kazi ya fundi. Freti zilizoisha zikibadilishwa, bei inashuka. Nati mpya, bei inashuka. Kifuniko cha daraja ambacho wapigaji wengi hukitoa siku ya kwanza kikiwepo ndani ya kasha, bei inapanda. Watu wanaacha besi zife ili zibaki halisi.

Ile yangu ya 1973 niliipeleka kwa fundi wa magitaa. Alichonga mbao iliyobonyea, akaingiza kipande cha mbao ngumu, akaweka nati mpya na washa moja tu, akanyoosha ubao na kubadilisha freti zote. Alikaa nayo miezi miwili. Iliporudi niliiacha imekazwa usiku kucha, na asubuhi kadi ya jina ikapita chini ya uzi kwenye freti ya 8 kama inavyotakiwa.

Baadaye nilimpelekea muuzaji mmoja nikitaka kubadilishana na Jazz aliyokuwa nayo. Alisoma namba kwenye bamba la nyuma, akafungua kifuniko akatazama poti, akapapasa freti mpya na kutikisa kichwa. Akanitajia nusu ya bei niliyoinunulia. Nikamwambia niitoe shingo aone kazi iliyofanyika kisiginoni, nilikuwa na bisibisi mfukoni. Akasema hakuna haja.