Viatu vya pedi kwa farasi anayepona laminaitisi: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maana najua anayesoma hapa huenda ana farasi mwenye laminaitisi, yaani ugonjwa wa uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato, bandani sasa hivi: viatu vina kazi, na kazi yenyewe inafanywa na pedi. Kiatu chenyewe ni cha wastani tu. Navipa nyota nne.

Ni viatu vya kuvalisha, si vile vya chuma vya kupigiliwa misumari. Soli ni nene, imeinuliwa kidogo mbele ili mguu uondoke chini bila kulazimisha ncha, na vinafungwa kwa mikanda ya velkro. Ndani inalala pedi ya sponji nzito unayoikata mwenyewe kufuata umbo la ukwato. Pedi zinauzwa kwa ugumu tofauti.

Kwa nini pedi? Ndani ya ukwato kuna mfupa ambao haukukaa juu ya unyayo kama wengi wanavyodhani. Umeshikiliwa na ukuta wa ukwato kwa tando nyembamba zilizofumana. Laminaitisi inazilegeza tando hizo. Hapo uzito wa mnyama unausukuma mfupa chini, huku kano nene ya nyuma ya mguu ikiuvuta, na ncha yake inainamia unyayo. Ndiyo maana farasi wangu alikuwa akisimama na miguu ya mbele ameitanguliza, uzito wote kaurudisha nyuma, na ukimtaka ageuke unaona anafikiria kwanza. Pedi nzuri inaupunguzia ukuta mzigo, hasa sehemu ya mbele, na kuupeleka kwenye nusu ya nyuma ya unyayo na ule mnofu wa pembetatu ulio katikati.

Siku ile ile alipovaa, alisogea mwenyewe hadi kwenye maji. Sikumvuta. Hilo peke yake lilinitosha nisivirudishe dukani.

Jambo ambalo hakuna tangazo linalolitaja, na ambalo kwangu ndilo la thamani kuliko yote, ni alama inayobaki kwenye pedi. Vua kiatu asubuhi, toa pedi, iangalie kwenye mwanga. Mwanzoni yetu ilikuwa imedidimia upande wa ncha, shimo lenye umbo la mwezi mchanga, na nyuma imebaki karibu kama ilivyotoka dukani. Fundi wa kwato aliishika pedi mkononi pamoja na picha za eksirei ndipo akaamua kiasi cha kurudisha nyuma ile ncha na kiasi cha kushusha visigino. Baada ya kumchonga, alama ikaanza kusambaa, na ule mnofu wa katikati nao ukajichora. Pedi iliyochapika hivyo usiitupe kabla hajaiona fundi.

Pedi laini ni tamu kwa siku za mwanzo lakini inabonyea upesi ikawa karatasi, hasa farasi akiwa mzito. Ukiona imebaki bapa, badilisha. Ikiwa hivyo haimsaidii kitu. Ile ya ugumu wa kati imetudumu zaidi.

Sasa nyota niliyoitoa. Velkro. Inakusanya maranda na vipande vya nyasi mpaka haishiki tena, kiatu kinazunguka mguuni, na kiatu kilichozunguka ni kibaya kuliko kutovaa kabisa. Mimi nina brashi ndogo ya kuchokonolea hiyo mikanda. Ukingo wa nyuma nao unakwangua ngozi laini juu ya visigino. Utaanza kuona manyoya yamelala vibaya, halafu yamekatika, halafu kidonda. Soksi ya pamba chini ya kiatu imemaliza tatizo hilo. Na maelezo ya kwenye boksi yanayosema kiatu kinaweza kukaa mguuni siku nzima bila kuguswa, mimi siyafuati. Humo ndani kuna joto na jasho, ukwato unalainika na kuanza kunuka. Navua kila siku, nasafisha, naacha miguu ikauke juu ya maranda mengi, na ninapovalisha tena pedi iwe kavu.

Wakati kiatu kimevuliwa nashika pia mapigo ya damu nyuma ya kifundo, pande zote mbili. Yakiwa hafifu, naendelea na shughuli zangu. Yakigonga kidole kwa nguvu, kuna kitu: huenda ugonjwa umerudi, huenda ni usaha ndani ya ukwato, ambao ni wa kawaida kwa farasi aliyepitia haya. Hapo napiga simu kwa daktari wa mifugo kabla ya kugusa dawa yoyote ya maumivu.

Nimesoma wateja wanaolalamika kuwa wamevitumia mwezi mzima na farasi hajapona. Jamani, kiatu hakiponyi. Ukuta mpya wa ukwato unashuka kutoka kwenye mstari wa nywele hadi ncha kwa takribani miezi 9 hadi 12, na unashuka vizuri ikiwa tu kilicholeta ugonjwa kimeondoka. Wangu shida ni insulini, ile homoni inayoshughulikia sukari ya damu. Kwa hiyo nafaka hakuna, malisho ya kijani hakuna kwanza, nyasi kavu zinalowekwa na maji yake yanamwagwa, sukari na wanga wa nyasi uwe chini ya asilimia 10 au karibu na hapo. Kiasi tulichopewa ni asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kwa farasi wa kilo 450 ni karibu kilo 7 zikipimwa kabla ya kulowekwa. Kuloweka kunaondoa na madini, hivyo anapewa ya ziada. Mtu anayenunua viatu hivi na kuendelea kumwaga shayiri kwenye ndoo asivilaumu viatu.

Kuhusu saizi: pima urefu na upana kwa milimita baada ya fundi kuchonga, na pima kila mguu, maana ya mbele haifanani sikuzote. Farasi akiwa katikati ya saizi mbili, mimi ningechukua kubwa na kujaza kwa pedi. Agiza na mikanda ya akiba katika oda hiyo hiyo.