Antena ya ndani yenye busta: karatasi nzuri, busta ya kupandisha presha

Antena hii ya TV ni karatasi ya plastiki, na waya wake una busta, yaani kijisanduku cha kukuza mawimbi kinachokula umeme wa USB. Muuzaji alichomoa USB ya busta, chaneli zote zikapotea papo hapo, akanitazama kwa kiburi: "Umeona kazi yake?" Nilipomwomba aitoe busta yenyewe na kuunganisha antena moja kwa moja kwenye TV, akapaza sauti ili wateja wengine wasikie kwamba kama najua kuliko yeye, niende nikajitengenezee yangu. Niliinunua hata hivyo. Nimeitumia wiki kadhaa sasa na hasira haijapoa, wala si kwa sababu ya yale maneno tu. Onyesho lile la kuchomoa USB ni udanganyifu, na watu wanatoka dukani wakiamini wameona ushahidi.

Busta isiyo na umeme haigeuki kuwa waya mtupu. Ndani yake kuna transista, na transista isipopata umeme inazuia mawimbi yasipite, au inapitisha kidogo mno. Kwa hiyo ukichomoa USB, picha itakufa tu, hata kama busta haikuwa ikisaidia chochote, hata kama ilikuwa ikiharibu. Ni sawa na mtu afunge mfereji, maji yakatike, kisha adai mfereji ndio unaotengeneza maji. Jaribio la kweli ni moja: ondoa busta njiani kabisa, waya wa antena uingie kwenye TV wenyewe, halafu linganisha. Jaribio hilo ndilo nililokataliwa.

Nimelifanya nyumbani, Nairobi upande wa mashariki, ghorofa ya tatu, kwenye TV yenye DVB-T2 (kipokezi cha dijitali) ndani yake, bila king'amuzi. Busta ya aina hii ni kijisanduku kinachoning'inia kwenye waya, na upande wa antena kimefungwa kwa konekta ya kuskurubu. Fungua konekta hiyo, weka adapta ndogo ambayo upande mmoja inaskurubiwa na upande wa pili ina pini ya kuingia kwenye TV. Bei yake haifiki nauli ya matatu ya kwenda na kurudi mjini. Kisha fungua menyu ya kutafuta chaneli kwa mkono na utazame mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Subiri sekunde tano hivi kila ukigusa kitu, maana mistari hiyo huchelewa kusema ukweli.

Pamoja na busta: nguvu 95, ubora ukirukaruka kati ya 30 na 40, picha inaganda, inakatika vipande vya mraba, sauti inakwaruza. Bila busta: nguvu 60, ubora 80 na haubanduki. Nimerudia asubuhi, nimerudia usiku, jibu ni lile lile. Usidanganywe na mstari wa nguvu. Picha ya dijitali haijali nguvu ikishavuka kiwango cha chini; inajali usafi wa mawimbi. Na haina chenga kama zile za zamani za kukuonya mapema. Ubora ukishuka chini ya mpaka wake, unatoka kwenye picha safi kabisa hadi kuganda na kioo cheusi, karibu ghafla.

Kwa nini busta iharibu? Hapa sababu ni mbili. Ya kwanza ni kuzidiwa. Ukiwa Nairobi, minara ya TV ya Limuru iko juu yako kwa mamia ya mita na karibu hakuna kilima cha kukukinga. Mawimbi yanafika yakiwa na nguvu ya kutosha. Busta ya bei rahisi ikipewa mawimbi makubwa inayapinda, na chaneli moja inaanza kumwagikia nyingine. Baya zaidi, TV hapa kwetu iko kati ya 470 na 694 MHz, lakini hii busta inakuza kila kitu hadi 862 MHz, pamoja na 4G ya simu iliyo kwenye masafa ya 800. Mnara wa simu ukiwa nyuma ya ploti yenu, ndio unaokuzwa kwanza. Busta ya heshima ina kichujio cha kukata juu ya 694. Hii haina.

Sababu ya pili ni ile chaja. Busta inakula volti 5, nao wamekuwekea kichaja chepesi kama ganda la karanga, kisichokuwa na kichujio chochote cha maana. Chaja za namna hiyo zinatoa kelele za redio, na kelele hizo zinapanda na waya hadi ndani ya busta. Chomoa chaja, washa busta kwa pawabenki. Kwangu ubora ulipanda kwa zaidi ya alama 10 kwa hatua hiyo peke yake. Balbu za LED za bei ya chini hufanya vivyo hivyo. Picha ikiganda kila unapowasha taa ya sebuleni, usitafute mchawi kwingine.

Kisha kuna lile neno kwenye kasha: "km 200". Linaniudhi kuliko bei. Ikiwa antena yako iko mita 10 juu ya ardhi na nchi ni tambarare, mnara ulioinuka mita 200 unakufikia hadi kilomita 70 hivi, baada ya hapo mgongo wa dunia unaingia katikati. Ili ukufikie kutoka kilomita 200, mnara uwe juu yako kwa kilomita mbili. Hakuna karatasi ya plastiki inayoweza kubadilisha hilo. Na neno "4K" lililoandikwa kando yake halina maana yoyote, kwa kuwa antena haijui picha ni ya ubora gani. Wala hakuna antena ya dijitali na antena ya analogi. Tangu tuzime analogi mwaka 2015, antena ya zamani ya UHF (masafa haya haya ya TV) iliyobaki juu ya paa inafanya kazi ile ile, hata ile uliyoachiwa na kampuni ya TV ya kulipia ulipoacha kulipa.

Sasa niitendee haki. Karatasi yenyewe, bila busta, ni antena safi. Niliishindanisha na antena ninayoiamini kama kipimo: vipande viwili vya waya wa shaba wa stima wa 1.5, kila kimoja sentimita 12, vimepangwa mstari mmoja, kimoja kimeungwa kwenye shaba ya katikati ya waya wa antena, kingine kwenye wavu wake. Urefu huo unatokana na kati ya masafa yetu, MHz 582 hivi, ambapo nusu ya wimbi ni sentimita 25 na ushee, halafu unakata kidogo kwa sababu umeme kwenye shaba huona kipande kirefu kuliko kilivyo. Karatasi iliishinda antena hiyo kwenye masafa ya chini na ya juu, ikatoka sare katikati. Kwa hiyo mliofungua kasha mkakata tamaa, msiitupe.

Pa kuiweka ndipo penye kazi. Dirishani ni pazuri kama dirisha linatazama mnara. Ukiwa Umoja au Donholm, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hiyo ni kaskazini-magharibi. Grili ya chuma ikiwa na vipenyo vidogo inakula mawimbi, basi isogeze karatasi mbali nayo angalau nusu mita. Usiibandike kwenye ukuta ulio nyuma ya TV tu kwa kuwa waya unafika. Ukuta wa mawe na slabu yenye nondo vimeshakula nusu ya ulichokuwa nacho. Tazama antena za majirani: kama vijiti vyao vimelala, lala nao, kama vimesimama, igeuze karatasi isimame. Kukosea hapo ni hasara kubwa kuliko chochote ambacho busta ingeweza kurudisha.

Ndani ya nyumba mawimbi yanagonga kuta na kurudi, yakijikuta yanauana sehemu fulani na kusaidiana sehemu nyingine, umbali wa sentimita 13 hivi tu kati ya hizo mbili. Ndiyo sababu Citizen, NTV na KTN zinaweza kupotea kwa pamoja huku KBC ikiwa imara. Zile tatu zinasafiri kwenye mtandao mmoja wa usambazaji, KBC iko kwenye mwingine, kila mtandao na masafa yake. Kundi moja likipotea, TV yako si mbovu. Sogeza antena kidogo kidogo, kiganja kwa kiganja, ukitazama ubora wa kundi lililopotea, kisha rudi kuhakikisha lile jingine halijaanguka. Usikimbilie kutafuta chaneli upya kila mara, kwa maana TV nyingi zinafuta orodha ya zamani na utapoteza hata zilizokuwepo.

Wenye nyumba ya chini wanauliza kama wanaweza kuiweka antena darini. Darini chini ya mabati, hapana, isipokuwa kwa njia moja nitakayoitaja. Mawimbi ya UHF hayapenyi bati. Chini ya vigae vya udongo, ndiyo, na utapata zaidi ya sebuleni kwa sababu ya urefu. Lakini angalieni vile vigae vya kisasa vyenye vijiwe juu, vinavyofanana na vya udongo kwa mbali: vingi ni chuma kilichopakwa vijiwe. Chukua sumaku, iguse kwa ndani. Ikinata, hiyo ni paa ya bati kwa hesabu ya antena. Foili ya kuzuia joto ni hivyo hivyo. Njia ile moja ni ukuta wa pembetatu wa mwisho wa nyumba. Kama umejengwa kwa mawe, na unatazama upande wa mnara, weka antena ikitazama ukuta huo, nusu mita au zaidi chini ya bati, na usiweke tangi la maji mbele yake. Maji yanameza mawimbi haya.

Kutoka darini waya unaweza kufika mita 20. Tumia waya wa antena wa aina ya RG6, ulio mnene, si ule mwembamba uliokuja na kasha. Mita 20 za RG6 zinakula desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 4 hivi, na kigawanyi cha TV mbili kinakula karibu nyingine 4. Hapo, nakiri, busta inapata kazi. Nilisema ni ya kuharibu. Kwa mtu aliye mbali, mwenye waya mrefu na TV mbili, si kweli. Ila ikae karibu na antena, kabla ya waya mrefu, ifidie kitakachopotea. Ikikaa nyuma ya TV inakuza mawimbi yaliyokwisha kuchoka pamoja na kelele zake. Na hii busta waliyonipa ina waya wa USB wa urefu wa mkono, kwa hiyo imelazimishwa kukaa pale pale isipofaa! Mtu anayejua kazi hii hawezi kuitengeneza hivyo.

Ukikata waya na kufunga konekta mwenyewe, acha shaba ya katikati ichomoze milimita 6 au 7 kutoka kwenye plastiki inayoizunguka, na uhakikishe hakuna unywele hata mmoja wa wavu unaoigusa. Unywele mmoja unatosha kuzima kila kitu. Kama unatumia king'amuzi, ingia kwenye menyu utafute volti 5 za antena. Busta inayolishwa na king'amuzi haitafanya kazi zikiwa zimezimwa. Na antena isiyo na busta huenda ikaleta ujumbe wa shoti zikiwa zimewashwa. Zima, ujumbe utaondoka.

Nilianza nikitaka kutoa nyota moja. Karatasi inastahili nne. Nimefikia tatu mara mbili nikazirudisha, kila ninapokumbuka idadi ya watu waliolipia busta baada ya kuonyeshwa kioo kikizimika. Nabaki na mbili. Ukienda kununua, beba ile adapta mfukoni. Muuzaji akichomoa USB akuonyeshe "kazi yake", mpe adapta, mwambie aunganishe bila busta, nawe shika rimoti mwenyewe, ukitazama mstari wa ubora.