Vitabu vya AR vya watoto: simba anatoka kwenye karatasi, ila kusoma je?

Wazazi wenzangu hivi vitabu naona vinauzwa sana siku hizi, vile unafungua ukurasa unaelekeza kamera ya simu kwenye picha alafu simba anasimama juu ya kitabu ananguruma. Ndo hiyo teknolojia ya AR, uhalisia ulioongezwa. Mimi nilichukua Kariakoo seti ya vitabu vitatu, wanyama wa porini, wa baharini na madinosaria, elfu arobaini na tano baada ya kubishana sana. Jina la kampuni naliacha maana chapa ziko kibao na zinafanana karibu kila kitu. Mwanangu yuko chekechea, anajua irabu zote na ndo anaanza ba be bi bo bu.

Nianze na kizuri. Mtoto alivyomuona yule nyangumi anazunguka juu ya meza alipiga kelele hadi bibi yake akatoka jikoni kuja kuangalia, na bibi mwenyewe akaomba arudishiwe papa. Karatasi ni ngumu, hazichaniki ovyo, rangi zimekolea. Kumshawishi mtoto akae na kitabu haikuwa kazi tena, yeye mwenyewe anakileta. Kwa mtoto ambaye kitabu anakiona kama adhabu hilo siyo jambo dogo.

Sasa kasheshe. Ukikwangua ile namba ya siri ya nyuma ya kava unaambiwa pakua kwanza programu, kubwa, bando likaenda lote kabla sijaona hata sungura. Simu yenye ramu ndogo inagandaganda na kupata moto. Usiku kwenye mwanga hafifu kamera haiitambui picha kabisa, alafu karatasi zenyewe zinang'aa kwa hiyo ukikaa chini ya taa nayo inagoma, lazima uinamishe kitabu hivi na hivi. Jua pia kuna aina mbili, hizi za kusoma picha zinakubali simu nyingi tu, ila zile za kumuweka mnyama sakafuni mara nyingi zinataka simu yenye ARCore, programu ya Google inayoisaidia simu kutambua sakafu, na simu nyingi za bei ya chini hazina. Muuzaji hatakwambia hilo.

Lakini hayo yote ningevumilia. Kinachoniudhi ni kwamba mnyama akishatoka anasimama juu ya maandishi! Yaani sentensi iko chini ya ukurasa, tembo anakuja anaikanyaga, kwenye skrini huoni neno hata moja. Kawaida tu mtoto mdogo ukimsomea macho yanakuwa kwenye picha, maneno hayaangalii mpaka umuoneshe kwa kidole, sasa hapa hata ukitaka kumuonesha, unaonesha nini? Na kidole kikipita mbele ya kamera tembo anapotea. Aliyetengeneza hiki kitu aliwaza mnyama, maandishi yakaja baadae.

Alafu sauti ni Kiingereza tupu, na kinasomwa haraka. Mtoto wa Kiswahili anajifunza kwa silabi, si-mba, te-mbo, na raha ya lugha yetu ni kwamba herufi inasomeka vilevile kila mahali, akishazishika silabi anasoma chochote. Ungeweka AR kwenye hilo, mtoto anagusa te, anagusa mbo, tembo ndo anatoka, hapo ningelipa hata mara mbili. Na siyo ndoto, Tanga kwenye yale mashindano ya XPRIZE, ya kimataifa ya kutengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma, watoto kutoka vijiji karibu 170 walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili, nyingi ya familia zile hazina hata umeme wakawekewa chaji ya sola, na mwaka 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, wakagawana ushindi. Hakukuwa na simba wa kuruka pale. Kulikuwa na herufi, silabi na hadithi kwa lugha anayoongea mtoto nyumbani.

Mimi nimeishia kuvitumia hivi: simu inakaa mfukoni kwangu kwanza. Tunasoma ukurasa, nimebandika vikaratasi vya Kiswahili juu ya yale maandishi ya Kiingereza, sentensi fupi fupi, "Tembo anakula majani", anafuata kwa kidole chake. Akimaliza ndo simu inatoka. Mnyama akishatoka namuuliza anafanya nini, ana miguu mingapi, anaenda wapi, na yeye ananitungia hadithi yake ambayo kwakweli ni nzuri kuliko ya kitabuni. Ukimuachia dada wa kazi na simu tu basi umenunua katuni ya elfu arobaini na tano, usije ukalaumu mtu.

Kama hela ni ya mawazo anza na vya bure. StoryWeaver na African Storybook, maktaba za mtandaoni, wana hadithi za watoto za Kiswahili, unasoma kwenye simu au unaprinti steshenari. Kwa wanaotaka maajabu ya AR kuna programu ya Quiver, unaprinti picha mtoto anapaka rangi mwenyewe alafu picha yake inaamka na rangi zilezile alizopaka. Kusoma hakumo humo, ila kushika penseli kunamsaidia kwenye kuandika.

Nyota tatu kati ya tano, mbili na nusu ni za wanyama. Kwa mtoto wa miaka minne hadi sita na mzazi mwenye muda wa kukaa naye, chukua. Kwa wa miaka miwili, acha, atatafuna kava tu. Na ukienda dukani usilipe mpaka muuzaji afungue programu kwenye simu YAKO, siyo yake, na mnyama atoke pale pale kaunta. Wangu alianza kusema mtandao unasumbua, nikamwambia nasubiri.